Shavu la Mama Pasi

Fssshhh! Mvuke ndio uliotangulia kusikika, hata mlango haujafunguliwa. Ikafuata ile sauti nzito ya chuma kukaa juu ya chuma, du!, na juu ya yote hayo vicheko vya wanawake waliozoea kuongea kwa kupaza sauti.

Kiberiti alisukuma mlango kwa bega, begi la kamera kifuani kama mtoto mchanga. Jina hilo alipewa kazini kwake studio: ukimkwaruza kidogo tu, anawaka. Ndani, joto lilimvaa mwili mzima na lenzi ikafunga ukungu papo hapo. Hapa, kwenye kiwanda cha kufulia, ndipo mashuka ya hospitali na ya hoteli yalikuja yamevingirishwa ovyo, yakatoka yamenyooka kama karatasi mpya. Na kwenye pasi kubwa ya mvuke, ile ya karibu na dirisha, alisimama mama yake. Alikuwa amesimama pale tangu Kiberiti hajazaliwa, na jina lake la nyumbani lilishasahaulika. Kila mtu alimwita Mama Pasi.

Kampuni ilikuwa inafungua jengo jipya, ikataka picha ya Mama Pasi ukubwa wa mlango, iwekwe ukutani pale wafanyakazi wanapoingilia. Mama Pasi alikubali kwa sharti moja, akalitamka mbele ya watu wote: "Mnipige na shavu langu."

Shavu lake la kushoto lilikuwa na kovu la waridi, linalong'aa, kuanzia sikioni hadi pembeni ya mdomo. Bomba la pasi lilipasuka siku moja, yeye akiwa mbele yake. Baada ya hapo ndipo mashine zote zikafungwa vyuma vya kukinga. Sasa mabinti wapya walikuwa wameanza kuvifungua vyuma hivyo kwa siri, wakidai vinawachelewesha, na msimamizi alikuwa akiona na kugeuka upande wa pili.

"Siwezi kusimama kwenye kila mashine," Mama Pasi alimwambia mwanawe jioni moja. "Basi uso wangu usimame mlangoni. Kila anayeingia auone kabla hajashika pasi."

Kiberiti alimpiga picha za kwanza kwa kamera ya dijitali ya studio. Meneja alikuwa nyuma ya bega lake, anamhemea shingoni.

"Hebu nione." Meneja aliinama juu ya kioo cha kamera. "Safi sana! Ila hapa..." Kidole chake kilitua juu ya kovu. "Hapa mtapasafisha, sivyo?"

"Kwa nini, Bosi? Wenye sabuni si nyie?"

Wanawake wakaangua kicheko. Meneja hakucheka.

"Kijana, kompyuta inamaliza hilo mara moja. Kila mtu anafanya. Hata mimi, picha ya kitambulisho, walinipunguza kipara."

"Walipunguza?" Mama Pasi aliuliza bila kuinua macho kwenye shuka. "Mbona bado kipo?"

Hapo hata msimamizi alilazimika kukohoa. Lakini Kiberiti alikuwa ameshawaka. Aliizima ile kamera, akaitupia begini, akatoa nyingine: kamera ya filamu, ya macho mawili, jicho la juu la kuangalizia na la chini la kupigia. Aliiokota kwenye vyuma chakavu akaifufua kwa mikono yake mwenyewe. Hiyo ndiyo aliyoiamini. Kila siku alibishana juu yake na Fundi, mwenye studio, ambaye alikuwa ameiacha filamu kwa shangwe. "Nimevuta harufu ya dawa ile mpaka nikawa naisikia kwenye chai," Fundi alikuwa akisema. "Anayetaka kurudi huko arudi peke yake." Kiberiti alirudi peke yake, kichwa juu.

"Bosi, hii haina kioo cha nyuma," alisema sasa, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za kukaushia. "Huwezi kuiambia toa hiki, acha kile. Hii ni ya watu wanaofanya kazi kwelikweli. Filamu haijui kudanganya!"

Wanawake walimpigia makofi. Akafunga kioo chekundu cha kuchuja mwanga mbele ya jicho la chini, kama Fundi alivyomfundisha: ngozi nyeusi, filamu ya nyeusi na nyeupe, kioo chekundu. Akaongeza mwanga kufidia giza la kioo, akavuta pumzi. Mama yake alimkazia macho kama anayemngoja mtu amalize uongo wake. Kiberiti akabonyeza.

Aliporudi studio, alijifungia kwenye chumba cha giza, taa nyekundu ikiwaka kama kaa la moto. Alizamisha karatasi kwenye dawa, akaliyumbisha beseni taratibu. Yakatoka macho kwanza. Likafuata paji la uso, kilemba, mkono juu ya mpini wa pasi. Likatoka shavu.

Lilikuwa laini kama shuka.

Alidhani amekosea mwanga. Akachapisha nyingine, nzito zaidi. Uso wote ukawa mweusi pamoja, kovu halipo. Akaichukua negativu, ule ukanda wa filamu wenyewe, akaishika mbele ya balbu, akaikodolea macho mpaka yakamtoka machozi. Palikuwa na kivuli chembamba tu, cha kuonwa na mtu anayejua pa kukitafuta.

Fundi alimkuta amekaa chini, mgongo ukutani. Alitazama picha, akatazama kamera, akacheka mpaka akashika meza.

"Uliweka kioo chekundu?"

"Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo. Nilikwambia sababu?"

Kiberiti aliivuta kamera, akakitazama kile kioo.

"Hukuuliza. Wewe na moto wako huo, unauliza lini? Wateja walikuwa wanataka watoke weupe, bwana. Kioo kile kinaing'arisha ngozi, na chochote chenye wekundu kinazama humo humo. Chunusi, madoa, makovu. Watu wameolewa kwa kioo kile! Na kabla yake tulikuwa tunaipaka negativu penseli, mikunjo yote inakwisha, bibi anarudi kuwa msichana. We ulidhani uongo umekuja na kompyuta?"

Masikio yalimchoma Kiberiti. Meneja hakuwa amegusa kitu. Kompyuta haikuwa imewashwa. Ni yeye, mwana wa mama huyu, aliyelifuta shavu kwa vidole vyake, huku akipigiwa makofi. Angeweza kukaa kimya. Mama angeona picha nzuri, Meneja angefurahi, na mtu yeyote asingejua kosa ni la nani. Wazo hilo lilimjia, akalikataa.

Asubuhi Meneja alifika studio na gari la ofisi, Mama Pasi akiwa kiti cha nyuma na sare yake ya kazi. Picha ilikuwa bado imening'inia kwenye kamba. Meneja alisimama mbele yake, akapiga makofi.

"Yaani! Kumbe filamu ndiyo yenyewe! Kijana, naomba radhi, nilikudharau. Mama, umejiona? Umependeza!"

Mama Pasi alisogea, akaitazama kwa muda, akiinamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Nimependeza kweli," alisema. "Ni nani huyu?"

"Mama—" Kiberiti alianza.

"Mzuri. Angekuwa mdogo wangu ningemwonea wivu. Lakini huyu hajafanya kazi kwenu hata siku moja."

"Ni kosa langu, mama. Kioo nilikifunga mimi, sikujua kinafanya nini. Unaitaka?"

"Ya nini? Kioo cha kujitazamia ninacho nyumbani."

Kiberiti alichukua mkasi mezani. Meneja alikuwa bado ananyoosha mkono pale negativu ilipokatika vipande, vikaanguka sakafuni kama kucha.

"We mwehu!" Fundi alipiga kelele.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" Meneja naye.

"Mali ya kampuni ni pasi, Bosi. Uso una mwenyewe." Aliivuta ile kamera ya dijitali begini. "Mama, sogea hapa dirishani. Geuza shavu huku, kwenye mwanga. Hapo hapo."

"Ngoja kwanza," Meneja alisema, akicheka kwa hasira. "Si jana ulitangaza filamu ndiyo ya watu wa kweli? Ile haijui kudanganya, hii ndiyo ya waongo?"

"Nilisema ujinga, Bosi. Niliusema mbele ya watu, na nitakwenda kuurudisha mbele ya watu wale wale. Mama, nitazame."

Akabonyeza. Akageuza kamera, mama yake aone. Kovu lilikuwepo lote, na kung'aa kwake, na ile mikunjo midogo pembeni ya mdomo ambako ngozi ilivutwa ikashindwa kurudi. Mama Pasi aliligusa shavu lake, si lile la kwenye kamera, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiye huyo."

"Sawa," Meneja alisema, akinyoosha kiganja. "Nipe kadi. Vijana wangu wa matangazo watamalizia."

Kiberiti aliichomoa kadi. Akaiweka kwenye kiganja, ila cha mama yake. Mama Pasi aliipokea. Aliitumbukiza kifuani, ndani ya sare, akafunga kifungo cha juu.

"Haya. Mwenye ubavu aje aichukue."

Fundi aligeukia ukuta ghafla, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Basi ukuta utabaki mtupu," Meneja alisema.

"Ubaki. Watu watauliza mbona mtupu, nami nitakuwa pale pale na mdomo wangu. Nitawaonyesha shavu lenyewe bure, na mkono nitawaelekeza kwenye vyuma vilivyofunguliwa. Na msimamizi aliyeona akageuka, nitamtaja kwa cheo chake."

Meneja alijifuta kipara. Hakuwa amejua habari ya vyuma, au alikuwa amejua kwa mbali kama watu wa ofisini wanavyojua.

"Nitaongea na wakubwa," alisema hatimaye, akatoka bila kumwambia Mama Pasi apande gari.

Walisikia injini ikiondoka. Fundi aliokota vipande vya negativu, akanung'unika kuhusu watoto wa siku hizi, lakini hakuvitupa; aliviweka mezani taratibu.

Mama Pasi alimgeukia mwanawe. Macho yake hayakuwa na mzaha tena.

"Na wewe? Wao watakuja tena, baba. Watakuja na maneno matamu, siyo matisho. Watakuita msanii. Wakikubembeleza?"

Kiberiti alikunja mikono ya shati.

"Mama, nisikilize, na Fundi awe shahidi. Nitaichapisha mimi mwenyewe, ukubwa wa mlango, na sitagusa hata kinyweleo kimoja. Wakininyima ukuta wao, nitaibeba mpaka getini kwao, niisimamishe kwa mikono yangu miwili, zamu ya asubuhi ikiingia mpaka ya usiku ikitoka, na kila binti anayepita nitamwambia afunge chuma chake kwanza."