Pasi Kwenye Bomba la Inchi Mbili

Saa tatu na robo asubuhi fundi wa mabomba alizima pampu ya bwawa la kuogelea, akafunga maji, akapiga magoti ndani ya kibanda. Vali zote tatu zilikuwa zinavuja. Mama mwenye nyumba alivuta kiti cha plastiki mpaka mlangoni, akakaa, akakunja nne.

"Unatoa tatu, unaweka tatu," alisema.

"Ndiyo, mama. Na za zamani nakuachia hapo uzione."

"Nitaziona. Mafundi nawajua mimi."

Fundi aliinamia msumeno, akakata. Hakusema kwamba mdogo wake wa kike alifua nguo katika nyumba hii miaka miwili, mpaka bangili ya mama ilipopotea. Sasa binti wa watu yuko nyumbani kwa mwezi wa nne, kwa sababu mama alipiga simu nyumba zote za mtaa huu kuwaonya. Fundi alikuja kutengeneza pampu, ni kweli, lakini alikuja pia kuangalia ni nyumba ya namna gani hii inayopoteza vitu.

Vali ya kwanza, ile ya kuvuta maji, ilitoka na kipande chake cha bomba. Fundi aliigonga sakafuni ili uchafu utoke. Ikatoka pasi ya umeme, waya wake umezungushwa vizuri. Ilikuwa bado ya moto, kwa hiyo aliisimamisha isije ikaunguza kitu.

"Pasi yangu hiyo," mama alisema. "Imepotea tangu mwaka juzi. Nilimfukuza dobi."

Mpishi, ambaye alikuwa analeta chai, aliinama akaitazama. "Ndiyo yenyewe, alama ya kuungua hii hapa." Akaichukua, maana ndani kulikuwa na mashati yanasubiri.

Vali ya pili ilitoa shuka la kitanda kikubwa, kavu, limekunjwa, kisha saa ya ukutani. Saa ilikuwa inatembea. Mama aliilinganisha na ya kwenye simu yake, akakuta haijachelewa hata dakika.

"Hii ilimwondoa mtunza bustani."

"Alilia sana yule," mpishi alisema.

"Wezi wote hulia. Rudi jikoni."

Ilipofika vali ya tatu, fundi aliifuta kwanza mikono, isije ikamponyoka kwa jasho. Aliigonga mara moja. Bangili ikabiringika mpaka kwenye kiatu cha mama.

"Mama," alisema, "kwa bangili hii ulimfukuza mdogo wangu."

Mama alimtazama usoni bila haraka. "Nilijua tu. Pua hiyo nilishaiona mahali."

"Sasa umeona ilikokuwa. Sitaki kitu kingine. Naomba uwapigie wale uliowapigia, useme hakuiba. Neno moja tu, apate kazi."

Mama aliivaa bangili, akaizungusha kama anaijaribu dukani. "Aliiweka nani humo?"

"Hakuna aliyeiweka. Vali zako zinameza vitu, mama. Pasi umeiona kwa macho yako ikitoka."

"Nimeiona, sibishi. Sasa niambie wewe: watu wanaoweza kupenyeza pasi kwenye bomba la inchi mbili watashindwa kuiba nini?" Alichukua simu. "Tena ngoja niwapigie kweli. Walikuwa hawajajua kiwango chao."

Akavua miwani, akaiweka kwenye mkono wa kiti, akaanza na jirani wa kushoto. Alieleza vizuri, hakuacha kitu: pasi, joto lake, saa, bangili. Jirani hakushangaa. Alishukuru kwa taarifa, akauliza jina la binti, akaliandika kwa mara ya pili.

Fundi alipaka gundi kwenye vali mpya huku akisikiliza. Alizibana moja baada ya nyingine, akasubiri gundi ishike, akawasha pampu. Hapakuvuja hata tone. Maji yalipita kwa utulivu, kisha ndani ya vali ya tatu kitu chepesi kikagonga ukingo, kikatulia.

Mama alikuwa amemaliza simu. Alipapasa mkono wa kiti, akapapasa mapajani.

"Imo humu, mama," fundi alisema, msumeno tayari mkononi. "Nikate? Ni dakika kumi tu."

"Ukate vali mpya? Acha mchezo. Mpishi!"

Mpishi alikuja akiwa ameshageuza mifuko ya aproni nje, ameshika kibanio cha nguo na kifungo, vyote vilivyokuwamo.

"Miwani yangu iko wapi?"

"Sijaiona leo, mama. Naijua tu kwa sababu naifuta kila asubuhi."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe," mama alisema.