Mechi Tisa za Wendell

…kushoto kidogo au kulia, Wendell anauliza kutoka juu ya ngazi, fremu ameiinua kwa mikono miwili, mtu wa miaka sitini na moja bado anajipandia ngazi mwenyewe, na Lowell Haverkamp, kocha mkuu wa nne wa mpira wa kikapu wa chuo cha Elm Fork, amesimama chini na nyundo mkononi asijue kushoto ni wapi, macho yameganda kwenye kibati cha shaba chini ya picha yake, ushindi 406, mmoja zaidi ya mzee Stuckey, kocha aliyemtangulia, ambaye picha yake imetundikwa hapo kando, 405 kwa miaka thelathini na moja, na ndiyo maana ukumbini kuna keki na binti yake Stuckey amevaa rangi za chuo… “Kocha, mikono hii siyo ya mwaka tisini na nane,” Wendell anasema, naye anacheka, anacheka wakati mwaka huo ndio Lowell asiotaka kuusikia, Januari ile alipolazwa kwa figo na Wendell, msaidizi wake, akaongoza mechi kumi na moja, akashinda tisa, tisa, Bwana Mungu, wewe ulikuwepo, na karani wa michezo akaja mpaka kitandani kuuliza aziandike kwa jina la nani, naye akajibu timu ni yangu, kwa sauti ya upole kabisa, kisha akaomba maji… hata Knapp, kocha wa zamani pale ukutani, aliyeshinda mbili akafungwa kumi na tisa kabla hajaitwa vitani, mbili zake ni zake, na Mchungaji Teeter aliyeanzisha timu akiwafundisha vijana kurusha mpira huku amevaa tai, ushindi kumi na nne, hakuiba hata mmoja… na lile la Ohio, hilo Lowell hata kwenye maombi hulipita haraka, chuo kimoja cha huko kilipomtaka Wendell awe kocha mkuu wakampigia Lowell simu kuuliza huyu bwana amewahi kuongoza timu, mechi ngapi, naye akasema kitabu cha rekodi kinasema hakuna, akasema kitabu, Bwana, kana kwamba kitabu kilijiandika, na Wendell akaikosa kazi ile, na Jumapili ile Lowell akaimba kwenye kwaya, akasimama karibu na Wendell, wakashika kitabu kimoja cha nyimbo, na Wendell akamfungulia ukurasa… “Umelala, Kocha? Hata picha yako inaegemea upande mmoja kama wewe kwenye benchi,” na vidole vya Wendell vimeishikilia fremu, miaka ishirini na saba Lowell amekuwa akivitazama vikimbebea vitu, miaka ishirini na saba, na anasikia mdomo wake ukifunguka kabla hajauruhusu.

“Wendell, zile tisa ni zako.”

Wendell, juu ya ngazi, bila kugeuka:

“Najua, Kocha. Nilikuwepo.”

Basi alijua, alijua tangu siku ya kwanza na bado akafungua ukurasa, na aibu aliyoidhani imefika mwisho ikapata chini yake chumba kingine… “Sasa niambie, kushoto au kulia?” na fremu ingali hewani, nyundo ingali mkononi, ukumbini wameanza kupiga makofi ya kumwita, na Lowell anatoa tisa kwenye mia nne na sita, anaizoeza midomo yake polepole, mia tatu tisini na saba, mia tatu tisini na saba…