Lusweti Adungwa kwa Niaba ya Wanachama

Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, kati ya dozi arobaini za chanjo ya homa ya mafua zilizokuwa kwenye kisanduku cha barafu katika ukumbi wa mtaa wa Jericho, moja tu ilikuwa imetumika. Aliyedungwa ni Lusweti, fundi wa viatu, na wala hakujitolea. Chama cha kuzikana kilikuwa kimempigia kura.

Mwanachama mmoja adungwe kwa niaba ya wote, atazamwe siku tano, kila dalili iandikwe. Akinusurika, wengine wafuate. Mwenyekiti, Mzee Kweyu, aliamini kwamba hiyo ndiyo sayansi.

Muuguzi Nabalayo hakuamini hivyo, na alikuwa na haraka. Mzee Kweyu ni baba yake, ana miaka sabini na miwili na mapafu mabovu. Julai iliyopita mafua yalimlaza hospitalini siku tisa akipumua kwa oksijeni. Baridi ilikuwa inakaribia tena, na dozi zilizobaki zingerudishwa Jumamosi adhuhuri.

"Baba, mamilioni ya watu wamedungwa na wakatazamwa."

"Hao siwajui. Lusweti namjua."

"Kwani inazuia mafua kabisa?" akauliza Marion, katibu wa chama.

"Kabisa, hapana. Mwaka mzuri inapunguza hatari kwa karibu nusu, kwa wazee pungufu kidogo. Na anayeugua hata baada ya kudungwa, mara nyingi haugui vibaya."

"Nusu pungufu!" Marion akacheka. "Sista, hata mwavuli nusu siwezi kununua."

Jumanne Lusweti alisema mkono unamuuma. Nabalayo akaeleza kwamba hilo ni la kawaida, litaisha kwa siku moja au mbili. Lakini chama, kwa kuogopa kumzika mtu kiliyemchagua chenyewe, kikampelekea supu ya kuku. Jumatano mkono ulipona, goti likaanza. Akapelekewa mayai. Alhamisi sikio la kushoto lilikuwa likisikia ngoma, na Marion akaliandika hilo pia daftarini, kwa kalamu nyekundu. Kufikia jioni wanachama wanne walikuwa wamefuta majina yao kwenye orodha ya kudungwa.

Nabalayo alimkuta Lusweti kibandani akigonga soli kwa nguvu zake zote.

"Niaje, sista," akasema, akiweka nyundo chini upesi na kujisugua bega.

"Huo sio mkono niliodunga."

"Maumivu yamehama."

Nabalayo alijua kwamba baba yake angeliamini daftari kuliko binti. Kwa hiyo hakumshtaki mtu. Aliomba jambo moja tu: achaguliwe mwanachama mwingine ambaye hajadungwa, atazamwe vilevile, alishwe vilevile. Mzee Kweyu alikuwa amekagua uzito wa sabuni kiwandani kwa miaka thelathini. Hakuweza kukataa kulinganisha. Perez, muuza mitumba, alikubali kabla sentensi haijaisha.

Ijumaa asubuhi Perez alipata bakuli la kwanza la supu. Saa sita goti lake liliuma. Saa tisa kisunzi. Jioni alikuwa na mambo mawili ambayo Marion hakujua yaandikwe vipi.

Jumamosi Mzee Kweyu aliziweka kurasa mbili kando kwa kando mbele ya chama kizima, akazisoma mara mbili, midomo ikitikisika. Lusweti, dalili saba kwa siku tano. Perez, tisa kwa siku moja.

"Perez, wewe umedungwa nini?"

"Mimi? Sijadungwa kitu, mwenyekiti. Lakini naumwa, hasa supu ikichelewa."

"Supu imekwisha."

"Imekwisha kabisa?" Lusweti akauliza. Akaambiwa kabisa. "Basi wacha niende kazini." Akainuka bila kushika goti.

Mzee Kweyu alifunga daftari, akaenda kwenye meza ya binti yake na kuvua koti.

"Mwenyekiti, si ni nusu tu!" Marion akamkumbusha.

"Mwaka jana nilikuwa na sifuri, Marion."

Saa tano na dakika ishirini alidungwa mkono wa kushoto. Alikaa kwenye benchi robo saa, kama inavyotakiwa, kisha akarudi nyumbani kwa miguu.