Pikapu ya Gitaa la Mjomba Skhem

Hakuna aliyemtuma Daphi kulifungua gitaa la mjomba wake. Tangu anatambaa, katika nyumba yao ya mtaa wa Laitumkhrah, mjini Shillong kule India, sheria kubwa zilikuwa mbili: usichezee makaa ya moto, na usiguse hata skrubu moja ya gitaa la Mjomba Skhem. Ya kwanza aliivunja akiwa na miaka minne, akaungua. Ya pili aliivunja Alhamisi jioni, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwenye akili zake timamu, siku mbili kabla ya tamasha.

Na alichotaka ni kidogo tu. Ile pikapu ya nyuma, na si gari jamani, ni kile kijisanduku cha sumaku kinachokaa chini ya nyuzi na kunasa mtetemo wake, alitaka kuipandisha kidogo ikaribie nyuzi. Gitaa hilo lilikuwa na pikapu mbili. Ya mbele ilikuwa na sauti ya upole, na ya nyuma, iliyo karibu na daraja la nyuzi, ndiyo yenye makali. Alitaka asikike uwanjani, basi. Akashika bisibisi, na kwa haraka zake akasahau jambo ambalo kila mpiga gitaa wa Shillong analijua, kwamba sumaku haina adabu. Iliinyakua ile bisibisi vidoleni mwake, ncha ikazama kwenye koili na kukata waya mwembamba kuliko unywele. Akachomeka gitaa kwenye amplifaya na kugeuza swichi mbele, sauti ipo. Akageuza nyuma, kimya kabisa.

Lo! Alikaa sakafuni.

Mjomba Skhem alikuwa kaka mkubwa wa mama yake. Kwa miaka thelathini bendi yake ilisimama au kuanguka kwa sauti ya ile pikapu ya nyuma. Kisha mwezi wa tatu kiharusi kikamchukulia mkono wa kulia na nusu ya mdomo. Kilichobaki ni sikio, na lilikuwa sikio hasa. Mtu huyu aliwahi kupiga kelele kutoka chooni kwamba uzi wa tano umelegea, na ulikuwa umelegea kweli. Redio ya jirani ikiteleza kidogo kwenye stesheni, anayeumwa ni yeye. Jumamosi bendi ingepanda jukwaani mara ya mwisho, Daphi akiwa mahali pake, na mzee mwenyewe akiwa amekaa mstari wa mbele. Ruhusa aliitoa kwa sharti moja, kwa ule mdomo wake uliopinda: "Gitaa langu lisitoe sauti ya mtu mwingine. Likitoa, lirudi kabatini."

Na katika nyumba ile, kaka wa mama akishasema, amesema. Hata mama yake Daphi, mwenye nyumba, binti wa mwisho, aliyerithi kila tofali kwa mila ya Wakhasi, hakuwahi kumpinga kaka yake mbele za watu. Lakini Daphi hakuwa akiogopa kabati. Alikuwa akiogopa uso wa mjomba wake siku atakapojua kwamba hata kile kidogo alichobakiziwa kimetobolewa, na aliyekitoboa ni mpwa wake mpenzi.

Ijumaa saa tatu asubuhi, mvua ikimwagika, alikuwa mlangoni kwa fundi. Bah Brightwell, Bah ikiwa heshima ya Kikhasi kwa mwanamume kama Kong ilivyo kwa mwanamke, hakuwa na haraka na mtu. Alimsukumia kwanza kisahani cha kwai, tambuu ya kwao, akangoja aitie mdomoni na kuanza kutafuna, ndipo akalivuta gitaa.

"Kong Daphi, nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa bisibisi?"

"Kwa bisibisi, Bah."

"Mungu wangu. Mzee anajua?"

"Angejua ungeniona hapa nimesimama kwa miguu miwili?"

Bah Brightwell alicheka, kisha akaona macho ya binti na kuacha kucheka. "Mwambie, mwanangu. Maji yakishamwagika hayazoleki."

"Nimwambie nini? Kwamba ule mkono Mungu kachukua, na sauti nimechukua mimi? Bah, saa kumi jioni tuna mazoezi, sebuleni, yeye akiwa kitini pale mbele yangu. Nitafutie pikapu asiyoweza kuitambua kuwa si yake."

"Skhem?" Fundi alitikisa kichwa. "Skhem asiitambue? Yule anasikia nyasi zikiota."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine."

Maneno hayo yalimlainisha kidogo. Akasema ile iliyokufa angeweza kuisuka upya, waya wote, mizunguko maelfu, lakini si kabla ya Jumanne. Akafungua droo na kutoa nyingine mbili, akaziweka kwenye kitambaa cheusi. Ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, yenye sumaku nene. Akaigusisha nyaya za mita: omu elfu kumi na sita. Ya pili ilikuwa kuukuu, imepauka, ya umri mmoja na ile iliyokufa. Elfu saba na kidogo.

"Ya kwako ilikuwa ngapi kabla hujaiua?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuipima. Ilikuwa marufuku."

"Vizuri. Siku hizi watu wanachagua pikapu kwa namba, kama wananunua kuku kwa kilo. Wanataka kubwa tu. Hii kubwa itakupa sauti nene na nguvu tele, lakini ni sauti ya kila kijana wa mji huu. Hii kongwe ni dada wa ile ya mjomba wako. Sasa sikiliza, halafu uamue mwenyewe."

Akaunganisha ile kongwe kwa muda, waya zikining'inia nje kama matumbo. Daphi alipiga nota tatu za mwanzo za wimbo wa mjomba, ule unaotembea sana juu ya uzi wa pili, na machozi yakamlengalenga. Ilikuwa yenyewe! Kavu, yenye ukali wa ndimu, ikikatika mwishoni kama mtu anayemeza mate.

"Hii," alisema. "Hii hii, Bah, usitafute nyingine."

"Ongeza sauti kwanza, ifikie ya uwanjani."

Aliongeza. Ile pikapu ikaanza kupiga yowe yenyewe, yowe jembamba linalochoma meno, hata bila kuguswa uzi. Daphi akaizima haraka.

"Nta yake imekauka," alisema Bah Brightwell. "Waya ndani zinacheza. Dawa yake ni kuizamisha kwenye nta ya moto, ijae, itulie. Lakini plastiki ya zamani ni kama bibi kizee, hujui itaanguka lini. Nta ikizidi moto, plastiki inajikunja na kukata waya. Inaweza kupona, inaweza kufa. Uamuzi ni wako, si wangu. Nikiiua sitaki kusikia lawama."

Daphi alitazama saa ya ukutani. Saa nne na nusu. Aliitazama ile mpya, salama, imekaa kwenye kitambaa bila wasiwasi. Angeweza kuichukua na kwenda zake. Lakini angeingiaje nayo sebuleni kwa mtu anayesikia nyasi zikiota?

"Izamishe," alisema.

Bah Brightwell aliweka kopo la nta ndani ya sufuria ya maji, juu ya jiko lake la umeme, akatumbukiza kipimajoto. Nta ilipoyeyuka, akaishusha pikapu kwa uzi, polepole, na vipovu vidogo vikaanza kupanda. Kila kipovu, alisema, ni hewa inayotoka mahali pa kelele. Daphi alivihesabu mpaka akapotea. Vilianza kupungua. Dakika tano zaidi, alisema fundi, tano tu.

Umeme ukakatika.

"Usiniambie!" alifoka Bah Brightwell. Nta ingepoa kabla haijaingia mpaka ndani. Akalivuta jiko la makaa lililokuwa likimpasha miguu, akahamishia sufuria pale, akaanza kupepea. Lakini makaa hayana kitufe. Kipimajoto kilipanda taratibu, kisha kikaruka.

"Bah, toa! Toa!"

Aliitoa. Kwa macho haikuwa na kitu. Kisha upande mmoja wa plastiki ukajikunja mbele yao, taratibu, bila aibu. Fundi akaigusisha mita yake ya betri. Mita haikuonyesha chochote. Akajaribu tena, na tena, huku akijua.

"Nimeiua," alisema. "Nisamehe, Kong."

Daphi hakuweza hata kukasirika. Yeye ndiye aliyesema izamishe. Kwai ikawa chungu mdomoni. "Nifungie hiyo mpya," alisema.

Umeme uliporudi saa nane, Bah Brightwell aliilehemu ile ya elfu kumi na sita. Akaishusha chini kabisa mbali na nyuzi, akaipunguzia makali, akafanya kila ujanja alioujua kuitia adabu. Wapi! Ilikuwa nene na ya kujisifu, kama mgeni anayeongea kwa sauti kwenye matanga. Daphi alipanda mlima kwenda nyumbani, gitaa mgongoni, akijifunza njiani maneno ya kuomba msamaha. Hakuna sentensi iliyofika mwisho.

Saa kumi Mjomba Skhem alikuwa kitini, blanketi magotini, nywele zimechanwa kana kwamba anakwenda kanisani. Bah Kitbok, mpiga besi, aliyecheza kando yake miaka yote thelathini, alikuwa ameshachomeka besi lake na anakunywa chai nyekundu. Mpiga ngoma hakuja, kazini hawakumwachia.

"Hep," mjomba alimwita mpwa wake, kwa neno la kudekeza mtoto, "una nini? Umekuwa mweupe."

"Baridi, mjomba."

"Basi piga, upate joto."

Akageuza swichi nyuma. Akapiga nota tatu za kwanza.

Bah Kitbok aliinua kichwa ghafla. Alilitazama gitaa, akamtazama Daphi, uso wote ukiuliza: umefanya nini wewe? Hata mama yake Daphi alitokeza kutoka jikoni na mwiko mkononi. Haikuhitaji sikio la fundi. Mtoto wa shule angejua kwamba hiyo si sauti ya Skhem.

Daphi aliendelea kupiga, akingoja mkono wa kushoto wa mzee uinuke kumsimamisha. Haukuinuka. Alipomaliza akafumba macho. "Mjomba," alianza, "nina jambo la kukuambia…"

"Nyamaza." Sauti ya mzee ilikuwa imelowa. "Kitbok! Umesikia?"

"Nimesikia, Bah," alijibu Kitbok polepole.

"Ni ileile. Miezi yote hii nimekaa nikijiambia sitaisikia tena. Ileile kabisa! Eti sivyo?"

Bah Kitbok alimtazama rafiki yake, ambaye machozi yalikuwa yakimteremka kwenye ule upande wa uso uliopooza. Kisha akamtazama mwenye nyumba aliyesimama mlangoni na mwiko.

"Ndiyo yenyewe," alisema Kitbok. "Kama kaka anavyosema," akaongeza mama yake Daphi, akarudi jikoni haraka.

Daphi aliona kila kitu kimekwenda kama alivyoomba. Ahueni ikamshika, ahueni yenye dhambi ndani yake, mpaka mzee alipoinua kidole. "Ila uzi wa pili uko chini. Kaza."

Haukuwa chini. Kipimasauti kidogo kilichobanwa kichwani mwa gitaa kiliwaka kijani kwa kila uzi, maana zote ziko sawa. Daphi aligeuza kigingi kiasi cha unywele.

"Bado."

Akageuza tena. Taa ikawa nyekundu.

"Bado, hep! Huna masikio?"

Akageuza mpaka uzi ukapanda kupita kiasi, mpaka ukawa unagombana na wenzake wote, sauti ya kukunja uso. Mjomba Skhem akatabasamu, tabasamu la nusu mdomo.

"Hapo! Hapo sasa. Usiuguse mpaka kesho."

Ndipo Daphi alipoelewa. Kiharusi kilikuwa kimekwenda na sikio pia, na mwenyewe hakuwa na habari. Asubuhi nzima alikuwa amehangaika kumdanganya mtu asiyeweza tena kujua. Angetoa chochote kile, angetoa hata gitaa lenyewe, mjomba wake amfokee sasa hivi, amwite mwongo, amfukuze nyumbani. Alimgeukia Bah Kitbok ili amwambie basi, tuache, tamasha haliwezekani hivi.

Bah Kitbok hakuwa akimtazama. Alikuwa ameinama juu ya besi lake, sikio karibu na mbao, anakaza nyuzi zake moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, mpaka zikaufikia ule uzi wa Daphi uliopitiliza. Alipomaliza akajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Tuanze, hep," alisema. "Mzee anasubiri."