Mstari wa Chokaa

Nilikuwa nimeinama juu ya lami, ndoo ya chokaa mkononi, nilipoamua kumdanganya mdogo wangu. Mvua ilikuwa imeufuta mstari wa mwisho, kama ilivyoufuta karibu kila wiki tangu Novemba, na kuuchora upya kila Jumapili ilikuwa kazi yangu. Nilivuta utepe hadi mita mia nne, nikausoma mara mbili kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Kisha nikarudi nyuma mita ishirini, kuelekea mwanzo, na kumwaga chokaa pale. Nikayasukuma mapipa mawili matupu hadi kwenye ncha za mstari huo mpya, nikasimama kando yake na saa mkononi.

Kule mwanzo magari yalinguruma na watu walijaa pande zote mbili. Huku mwisho nilikuwa peke yangu. Hakuna aliyependa kusimama huku, maana hapakuwa na la kuona ila gari linalopita, halafu vumbi.

Barabara ile iko nje ya Ruashi. Kampuni moja ya madini iliijenga kwa ajili ya malori yake, kisha uchimbaji ukahamia upande mwingine na barabara ikaachwa, imenyooka kama rula, bila nyumba wala mti. Ilikuwa na ubaya mmoja tu. Mita mia moja na hamsini baada ya mstari wetu, lami ilikatika ghafla kwenye mfereji wa zege wa kupitishia maji ya mgodi, kina chake kimo cha mtu na nusu. Dereva akishavuka mstari, hizo ndizo mita alizokuwa nazo za kusimama.

Mdogo wangu ni Rigobert, fundi wa magari kule Katuba. Alikuwa amenunua Mark II nyeupe yenye usukani wa kulia, iliyoingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, gari la kumpeleka mkewe Myriam sokoni na sisi sote kanisani. Siku aliponiomba nije na saa ya michezo ya shule, nilidhani ni mchezo wa Jumapili moja. Alitumia sekunde 16,2.

"Yaya, andika," aliniambia mimi dada yake mkubwa, kichwa nje ya dirisha.

Nikaandika. Na sitaki kujifanya mtakatifu: nilipenda. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na sijawahi kuona hesabu ikitoa harufu ya mpira ulioungua. Nilimchorea mistari kwenye karatasi ya miraba. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba nusu sekunde nzima inampotea anapoingia gia ya pili. Alirekebisha, tukapata 15,4. Akang'oa viti vya nyuma, zulia, gurudumu la akiba. Akabadilisha vioo vya milango kwa plastiki. Akafunga turbo aliyoitoa kwenye gari lililokufa. Tukapata 14,9, kisha 14,5. Kila namba ilipokuja tulikumbatiana pale barabarani kama watu waliopata mtoto.

Sijui ni Jumapili ipi nilipoanza kuweka mawe. Nilikuwa nikiweka jiwe kando ya lami pale gari liliposimama, kwa udadisi tu. Siku moja, nikimsubiri Rigobert ageuze, nikayatazama yote kwa pamoja. Yalikuwa yamejipanga yakielekea mferejini. Kutoka jiwe la mwisho hadi ukingo nilihesabu hatua kumi na moja.

Wiki hiyohiyo nilimkuta gareji akifunga mbele magurudumu membamba, karibu kama ya pikipiki.

"Rigo, mipira hii itashika chini namna gani?"

"Iko leje, yaya, haina uzito. Leje njo inakimbia."

"Na kusimama?"

Akajifuta mikono, akacheka, ila hakunitazama. "Sikiya. Siku nitashuka chini ya quatorze, naacha. Naapa mbele ya Myriam. Naacha kabisa."

Myriam alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua uso. "Alisema vile ku quinze," alisema. Kumi na tano tulishaipita, sasa ilikuwa kumi na nne.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu ya breki. Niliipiga mara tatu. Kwa kasi aliyohitaji ili ashuke chini ya kumi na nne, na kwa mipira ile, lami haikutosha. Nilimwonyesha karatasi. Aliikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaniambia karatasi haijui kuendesha.

Ndiyo maana nilimwaga chokaa pale nilipoimwaga. Niliona kwamba anachokitaka ni namba, na namba zilikuwa mkononi mwangu.

Mukuka, fundi cherehani aliyekuwa mwanzishaji wetu, alishusha kitambaa chake chekundu. Nikabonyeza. Mark II ikaja ikikua, pua juu, mlio wake ukifika kabla yake, ikapita kati ya mapipa. Nikabonyeza tena. Taa za breki ziliwaka, nyuma ya gari ikayumba kushoto, ikarudi, na gari likasimama hatua ishirini na tano kabla ya mfereji. Saa ilionyesha 13,6.

Alikuja akikimbia kwa miguu. Nilipomwonyesha, alipiga magoti kwenye lami yenye maji akalia. Watu walimbeba. Mimi nilichukua ufagio nikaufuta mstari wangu.

Na alitimiza ahadi. Hilo nataka lijulikane. Alirudisha viti, akarudisha mipira mipana, Myriam akaenda sokoni kwa gari lake. Kwa wiki tatu nilijihesabu kuwa mtu mwenye akili.

Kisha Alexis akarudi kutoka Kolwezi. Alikuwa dereva wa malori makubwa ya mgodi huko, wiki nyingi kazini, wiki chache nyumbani, na ndiye aliyekuwa mpinzani wa Rigobert tangu mwanzo. Walipendana, walitaniana, na hakuna aliyelala vizuri mwenzake akiwa mbele. Muda wake bora ulikuwa 14,2. Alinisubiri nje ya lango la shule, mikono mfukoni, kwa adabu.

"Madame Thérèse, banasema treize six."

"Ndiyo. Kumi na tatu na sita."

"Ni wewe mwenyewe ulishika krono?"

"Mimi mwenyewe," nilisema, na hilo lilikuwa kweli.

Alitikisa kichwa taratibu, macho yake yakiwa mbali. "Basi inawezekana," alisema. Akanishukuru.

Ningeweza kumwita. Alikuwa bado hajavuka barabara. Lakini nilimwona akilini Rigobert aking'oa tena viti vile, nikaingia ndani kusahihisha madaftari.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, Alexis alikwenda kwenye barabara ile na mkewe, Tracy, na utepe wao wenyewe. Walipima mita mia nne kamili. Tracy alishika saa. Mara ya kwanza alipata 13,9. Mara ya pili 13,7, na gari lilisimama matairi ya mbele yakiwa karibu na ukingo. Tracy alimwambia inatosha. Alexis alimjibu kwamba Rigobert alipita hapohapo kwa 13,6 na akasimama, kwa hiyo kosa ni la mguu wake. Mara ya tatu hakusimama.

Hospitalini walimkata mguu wa kushoto chini ya goti. Kampuni ikaleta lori na kumwaga vifusi katikati ya barabara.

Nilikwenda kumwona siku ya tisa. Tracy alikuwa ameketi kando ya kitanda akimpepea kwa kipande cha boksi. Alexis alikuwa amekonda uso wote, lakini aliponiona alijaribu kujiinua.

"Madame, ninakungojea. Wewe ulikuwa ku mwisho. Uniambie, Rigobert alikanyaga freni wapi? Mi kila nikipita mustari, mufereji iko palepale mbele yangu. Nalala nikiifikiri. Nilikosa wapi?"

Boksi la Tracy lilikuwa limesimama hewani.

"Hukukosa," nilisema. "Mstari wa Rigobert ulikuwa karibu zaidi. Mimi niliusogeza. Sikutaka afike mferejini."

Nilikuwa tayari kwa lolote: anitukane, anitemee mate, amwite mtu anitoe.

"Mètre ngapi?" aliuliza.

"Ishirini."

Alifumba macho. Midomo yake ilicheza. Nilijua anachofanya, kwa kuwa nimeona watoto elfu wakifanya hivyo ubaoni. Ishirini kwa kasi ile ni karibu nusu sekunde. Alipofumbua macho, kulikuwa na kitu usoni mwake ambacho hadi leo sipendi kukikumbuka. Alikuwa akitabasamu.

"Basi nilimushinda," alisema.

Tracy aliweka boksi chini, akatoka chumbani.

Nilimwambia Rigobert Jumapili, baada ya misa, mezani kwake. Myriam alikuwa ametoka kugawa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Nilisema yote bila kupumzika: utepe, chokaa, mapipa, ufagio. Nilimwambia namba yake halisi ni kama 14,05. Nilimwambia pia nilichomficha Alexis pale langoni, na kwa nini. Alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Na Alexis," alisema, "alipata ngapi ya kweli?"

"Rigo."

"Ngapi, yaya?"

"Treize sept. Kumi na tatu na saba."

Alinawa mikono. Alichukua muda mrefu, kidole kimoja kimoja, akitazama maji. Nilitaka kuamini kwamba analia. Nilijiambia barabara imefungwa, vifusi vile havipitiki hata kwa trekta.

"Ku Kipushi kule," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "balimaliza kuweka lami mupya. Haina mufereji."

Akatoka uani. Tulisikia boneti ikifunguliwa, kisha bisibisi ikidondoka kwenye sementi.

Myriam alichukua sahani tupu, akaifunika juu ya chakula cha mumewe, kama tunavyomfunikia mtu ambaye hatujui atarudi saa ngapi.