Koti la Oduor

Ndege ya kutoka Entebbe ilitua Kisumu saa tatu asubuhi. Ilitakiwa kukaa dakika ishirini tu kisha iendelee Nairobi, lakini tairi moja lilikuwa na maoni yake. Abiria wakaambiwa wangoje hadi saa nane, lije tairi jingine. Wengine walinung'unika. Dishon Ayieko, aliyekuwa akienda Nairobi kuanza kazi kesho yake, alifurahi. Miaka mitano ya kusomea uinjinia Uingereza ilimfundisha kwamba mwenye saa ya mkononi hakai bure kwenye benchi akihesabu nzi. Akaandika nyuma ya bahasha: kinyozi, samaki, kikapu cha kupeleka Nairobi, nyumbani.

Nyumbani palikuwa mwisho, na hapo ndipo palikuwa karibu kuliko pote. Kwao ni Usoma, ng'ambo ya uzio wa uwanja. Huko ndiko alikozikwa kaka yake Oduor, miaka miwili iliyopita, Dishon akiwa kwenye mitihani. Na kwa Waluo aliyekosa mazishi haingii bomani kama mgeni wa chai. Huanza kulia langoni, kwa sauti, mikono kichwani, akikimbia hadi kaburini. Ndipo asalimie. Ndipo ale. Asipolia, marehemu huja kumtafuta mwenyewe.

"Twende wapi, Bwana Mkubwa?" aliuliza Hemedi, dereva wa teksi.

"Kinyozi. Halafu samaki, halafu sokoni. Halafu Usoma."

"Usoma si hapa nyuma yetu? Wewe unazunguka dunia nzima kwenda choo cha nyuma ya nyumba."

Kinyozi alimnyoa vizuri, ndevu na kichwa. Hotelini ufuoni, mama mpishi aliweka mezani sahani tatu za ngege, samaki wa ziwani.

"Tuko wawili, Mama," Dishon alisema.

"Na yule mliyekuja naye? Amesimama mlangoni muda wote. Mmefanana."

Dishon akageuka. Mlangoni palikuwa na jua tu. Hemedi, aliyekuwa na utani wa kila kitu, alinawa mikono bila kumaliza mkia wa samaki wake.

Walipofika Usoma ilikuwa saa saba na nusu. Langoni Dishon alifungua mdomo, akaiona tai yake, akayaona macho ya Hemedi kwenye kioo cha gari, sauti ikagoma. Akaingia akitembea, kama afisa wa ushuru.

Seline, mjane wa Oduor, alitoka jikoni. Akautazama uso wake mkavu. Hakumpa mkono.

"Shemeji, umekuja au umepita?"

"Nimepita. Ndege inaondoka saa nane."

"Mwenzako alikungoja. Kila ndege ikitua alitoka nje kuuliza kama umemletea koti."

"Kabla hajafa."

"Kabla," alisema Seline. "Na baada."

Oduor ndiye aliyeuza fahali wake ili mdogo wake apate nauli, na alichoomba ni kitu kimoja: koti zito la Ulaya. Dishon alikuwa amelivaa la kwake, kwenye jua lile la Kisumu, ili watu waone ametoka mbali. Akalivua, akalitandaza juu ya kaburi, akalinyoosha mikono.

"Haya, kaka. Umelipata."

"Koti si machozi," Seline alisema. "Lia, kisha ule. Sufuria ya ugali sitaibandika mpaka nisikie sauti yako."

"Nitalia Krismasi, nikija na likizo."

Hemedi akapiga honi.

Uwanjani abiria walikuwa wameshaanza kupanda. Dishon akajipapasa kifua, na ndipo alipokumbuka.

"Tikiti yangu imebaki kwenye koti," alimwambia karani. "Lakini jina langu unalo. Dishon Ayieko."

Karani akaangalia karatasi yake, kisha akamwangalia yeye.

"Bwana, usinitanie. Dishon Ayieko amepanda. Tikiti yake nimeikata mimi mwenyewe. Mtu mrefu, koti zito mpaka shingoni. Nikamwuliza, husikii joto? Akasema anakotoka ni baridi."

Ndege ilishaanza kusogea, vumbi linawapiga usoni. Kwenye dirisha la tatu palikuwa na mkono wa koti jeusi, na juu yake uso. Ulikuwa uso wa Dishon hasa, ila haukunyolewa.

Ndege ikapaa, ikapita juu ya Usoma, ikapinda kuelekea Nairobi, kwenye kazi iliyokuwa ianze kesho yake kwa jina la Dishon Ayieko.

"Sasa, Bwana Mkubwa," Hemedi alisema polepole, "twende wapi?"

Bahasha ilimponyoka Dishon mkononi. Alijaribu kulitaja jina la kaka yake kimya kimya, lakini halikukubali kutoka hivyo. Mikono ikapanda kichwani yenyewe. Sauti iliyomtoka iliwafanya wachukuzi waweke mizigo chini.

Akakimbia kando ya uzio, tai begani, akimlilia Oduor, na Hemedi aliyeacha mlango wa gari wazi akamfuata nyuma. Hawajafika langoni, moshi ulikuwa umeshaanza kupanda jikoni kwa Seline.