Zote Zinasema Salama

…na zote zinasema salama, hicho ndicho kinachomtoa jasho ndani ya chumba chenye baridi ya friji, mkono umeshika waya mnene wa umeme na hauvuti, zote salama, kijani juu mpaka chini, na Mkuu mlangoni, simu kaibana begani, anauliza tena, "Sasa hizo mashine zetu zinasemaje?"… zinasema salama, Mkuu, zitasema nini tena, kompyuta ni hii moja, lichuma hili linalovuma, ndani yake mashine pepe, kompyuta za programu tu zisizo na chuma chao, za hospitali nzima, ya maabara, ya dawa, ya mafaili ya wagonjwa, kila moja ikijiona ina nyumba yake, kumbe zote ni wapangaji wa msimamizi mmoja, programu ya chini inayozibeba, inayozigawia kumbukumbu, inayoziambia hata saa, na mwizi wa mafaili, aliyeingilia mtandaoni, hakugusa mlango wa mpangaji yeyote, kamteka msimamizi… kikulacho ki nguoni mwako, na yeye miaka yote kufuli juu ya kufuli, nywila ndefu kama treni, akajiona fundi, na kila asubuhi kabla ya chai anaziuliza moja moja, uko salama, nazo zinajibu, na jibu linapita wapi, we mtu mzima, linapita kwa msimamizi huyohuyo, umemuuliza mateka, amekujibu aliyemteka, "Unanisikia lakini? Wodini wanauliza, tunazima au hatuzimi?" anasikia, wakizima dawa hazitoki, wasipozima mafaili yanazidi kutoka, na asingejua kitu kama asingeinama nyuma ya lichuma kuokota kalamu, akaona taa za waya wa mtandao zinapepesa bila kupumzika, huku kwenye kioo mashine zinadai zimelala… taa hazimwombi msimamizi ruhusa, ilibidi aone kwa macho yake… niko salama kaka… hii nayo imetoka wapi, si wakati wake, niko salama kaka, ujumbe wa dada yake, kila Jumapili, maneno yaleyale, simu yake iliharibika, shemeji ndiye aliyesema, tumia yangu tu, mke na mume ni kitu kimoja, akacheka, na yeye akacheka, alicheka kabisa, mwanzoni ilikuwa sauti, spika imefunguliwa, mtu anakohoa pembeni, tuko salama, msalimie mama, halafu sauti ikaisha yakabaki maandishi, na mama akilalamika, mwanangu amekonda, mbona kaja na sweta jua lote hili, akamjibu mama, nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, tuwaache, nimemuuliza mwenyewe kasema salama… nimemuuliza mwenyewe… na tangu lini akawa kaka, kwa dada yeye ni Kinyozi, tangu siku alipomnyoa dada huyo kwa mkasi wa mama akamwachia kichwa kama bustani iliyoingiliwa na mbuzi, hajawahi kumwita kaka, hata mbele ya wageni, Kinyozi lete maji, Kinyozi umekula, na huyo anayeandika kaka anamjibu kwa niaba ya nani, amekuwa akizungumza na nani muda wote huu, akimtumia vicheko, akimweleza kwamba mama anaumwa, akimweleza zamu zake za kazini… "Basi ziulize tena," anasema Mkuu, "ziulize mara ya mwisho, tuwe na uhakika," ndiyo, aziulize, kama vile kidole kinavyotaka kushuka mfukoni kimuulize dada, uko salama kweli, na jibu litakuja upesi, la kijani, na mwenye simu atajua kwamba sasa anashukiwa, atafunga na dirisha… hapana, hatauliza tena, ataenda kwa miguu yake, atagonga, atamtazama dada usoni, kama bado yuko wa kutazamwa, kwa sababu amechelewa, anajua amechelewa, yaliyotoka yametoka, ukivuta waya hata jina moja la mgonjwa halirudi, na yeye alikuwa na macho, alikuwa na nauli, alikuwa na Jumapili zote hizo, akatosheka na neno… "Tuna jibu au hatuna?" anauliza Mkuu, na lichuma linavuma, na kijani kinawaka juu mpaka chini, na mkono bado umeshika waya, na simu inatetemeka mfukoni, leo ni Jumapili, hahitaji kuitoa ajue imeandikwa nini.